Weusi wa Zimwi Mweupe: jibu mlilikata

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni ulichapa mchoro wa Kiajemi wa shujaa Rustam akimuua Zimwi Mweupe. Maelezo chini ya picha yalisema mchoraji alikosea, kwa kuwa zimwi mwenye jina la mweupe amepakwa weusi. Msomaji mmoja naye akaandika baadaye kwamba weusi ule, pamoja na jambia jeusi mkononi mwa Rustam, ni ishara ya uovu na kifo. Tunaomba nafasi tuwajibu wote wawili, maana jibu lilikuwepo kwenye ukurasa wenyewe na ninyi mmelikata. Mmebakiza pango na wapiganaji wawili. Maandishi, pambizo na sehemu kubwa ya mandhari vimeondoka. Ukitazama ukingo wa kushoto wa picha yenu utaona mkono mmoja na kipande cha kamba, bila mwenyewe.

Mkono huo ni wa Awlad, mateka aliyemwonyesha Rustam njia. Kisa kinatoka katika Shahnameh, utenzi wa wafalme wa Iran ambao Firdausi wa Tus aliumaliza mwaka 1010. Una beti zipatazo 50,000, na ndimo anamosimuliwa mfalme Jamshid aliyeanzisha Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, hiyo hiyo ambayo watu wa Makunduchi wanaikoga hadi leo. Mfalme Kay Kavus, mtu asiyesikia la mkuu wala la mdogo, aliivamia Mazandaran, nchi ya mazimwi, akapofushwa yeye na jeshi lake. Rustam akaenda kumwokoa kwa njia ya mkato yenye vituo saba vya hatari: simba aliyeuawa na farasi wake Rakhsh, Rustam mwenyewe akiwa usingizini, jangwa la kiu, joka, mchawi wa kike, kukamatwa kwa Awlad, zimwi Arzhang, na mwisho Zimwi Mweupe pangoni mwake. Awlad aliongoza njia kwa ahadi ya kupewa utawala wa Mazandaran, lakini Rustam hakuwa tayari kumwamini kabla kazi haijakwisha. Akamfunga kwa kamba, akaingia. Wachoraji karibu wote humfungia kwenye mti nje ya pango, na Rakhsh hayuko mbali. Awlad ndiye aliyemshauri Rustam angoje jua liwe kali, kwa sababu mazimwi hulala saa hiyo.

Sasa weusi. Firdausi anapoeleza Rustam alichokiona mle pangoni, anasema uso wa zimwi ulikuwa mweusi kama jiwe jeusi la kito, nywele nyeupe, na mwili umelijaza pango. Kwa hiyo mchoraji anayempaka zimwi huyu mwili wa giza na nywele nyeupe hajakosea, amesoma beti. Hata hivyo wachoraji wengi walimpaka mwili mweupe au wa kijivu hafifu, na kwa maoni yetu hilo lilitokana zaidi na mahitaji ya kazi kuliko na kitabu. Mdomo wa pango hupakwa weusi mzito, na kiumbe mweusi ndani ya weusi hupotea. Mchoraji akitaka kuifuata beti inambidi atafute njia nyingine ya kumtoa zimwi gizani: mstari mwembamba wa rangi nyepesi kuzunguka mwili, madoa kwenye ngozi, bangili za dhahabu shingoni, mikononi na miguuni, sketi fupi ya rangi kali kiunoni. Katika picha yenu bangili zipo na madoa yapo. Huyo si mtu aliyeteleza brashi.

Lakini weusi unaweza kuja kwa njia nyingine kabisa, na ndiyo maana anayetoa hukumu kwa kutazama kipande anajihatarisha. Nyeupe ya wachoraji wa Kiajemi ilikuwa ya madini ya risasi. Mabamba ya risasi yaliachwa kwenye mvuke wa siki, ukoga mweupe ukakwanguliwa, ukaoshwa, ukasagwa, ukatiwa gundi ya mti. Ni rangi nzuri, inafunika vizuri hata ikipakwa nyembamba. Ubaya wake ni kwamba ikikutana na gesi ya salfa hewani hugeuka kuwa salfidi ya risasi, ambayo ni nyeusi. Gesi hiyo hutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, kwenye taa za gesi za zamani, hata kwenye rangi jirani yenye salfa ndani yake. Katika rangi ya mafuta, mafuta huizingira risasi na kuikinga. Katika mchoro wa karatasi gundi ni kidogo, kinga ni ndogo, na uso uliokuwa mweupe unaweza kuwa wa kijivu au mweusi. Ziko hati ambazo nyuso za watu zimeharibika hivyo, na mtu asiyejua akasema mchoraji alikusudia.

Namna ya kutofautisha si ngumu, mradi uwe na ukurasa mzima. Tazama kwanza nyeupe nyingine: kilemba cha Awlad, mabaka ya farasi, maua, weupe wa macho, meno. Risasi ikiwa imeungua kwa salfa, haichagui zimwi peke yake. Pili, tazama weusi wenyewe ulivyokaa. Uliopakwa kwa masizi au kwa nili unafuata mistari ya mchoro na unaishia pale mchoraji alipotaka uishie. Ulioletwa na salfa huja kwa mabakamabaka, mara nyingi ukali wake unatofautiana ndani ya umbo moja, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mng'ao wa kijivu kama wa madini. Tatu, kwa wenye vifaa, iko mashine ya mkono ya eksirei inayosoma madini bila kugusa rangi: ikionyesha risasi nyingi mwili mzima wa zimwi, zimwi alizaliwa mweupe.

Kwenye kipande mlichochapa, meno na macho ya zimwi bado ni meupe. Hilo linatuelekeza kwenye beti, si kwenye salfa. Kilemba cha Awlad kingemaliza maneno, lakini kilemba mmekikata.

Jambia jeusi ni jambo jingine. Mapanga, kofia za chuma, ngao na maji ya vijito vilipakwa fedha halisi, iliyosagwa. Siku ya kwanza jambia hilo liling'aa. Fedha hushikwa na salfa upesi kuliko risasi, na leo karibu kila kijito katika michoro ya Kiajemi ya kale kinaonekana kama lami. Msomaji yule aliona ishara ya kifo. Aliyoyaona ni kutu. Dhahabu haina tatizo hilo, na ndiyo maana mbingu za dhahabu za karne ya 15 bado zinang'aa kama zilivyopakwa.

Kwa nini maandishi hayatenganishwi na picha kunaeleweka vizuri mtu akijua ukurasa ulivyotengenezwa. Karatasi ilikuwa ya matambara ya kitani na katani. Ikipakwa uji mwepesi wa wanga, ikakauka, ikawekwa juu ya ubao laini na kusuguliwa kwa jiwe la akiki au kwa glasi mpaka ikawa nyororo. Uji ukiwa mzito, tabaka la juu hupasuka karatasi inapofunuliwa, na rangi huondoka nalo. Usipotosha, wino hunywewa na kuenea, na nywele za brashi hukwama kwenye nyuzi za karatasi. Kisha karatasi huwekwa juu ya kibao kilichofungwa nyuzi zilizonyooka, mtu akapitisha kidole juu ya kila uzi. Mifereji inayobaki ndiyo mistari ya mwandishi. Hakuna penseli ya kufuta.

Mwandishi wa khati ndiye aliyetangulia. Alinakili beti, kwa Shahnameh nyingi katika safu nne, akaacha pengo pale picha itakapokaa. Mchoraji alipewa karatasi ambayo tayari ina maneno, na ukubwa wa pengo ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Beti iliyo karibu kabisa na picha, mara nyingi ule mstari wa mwisho kabla ya pengo, ndiyo inayotaja tendo linalochorwa. Mwenye kujua Kiajemi huanza hapo: akisoma kwamba mguu umekatwa, anatafuta mguu. Firdausi anasema Rustam alimwamsha zimwi kwa ukelele, maana hakutaka kumuua usingizini, akamkata mguu mmoja kwa upanga, wakashikana mwilini zimwi akiwa na mguu mmoja, akamnyanyua, akambwaga, akamchoma jambia na kumtoa ini. Damu ikapelekwa kwa Kay Kavus, macho yake yakafunguka. Picha moja hubeba hatua mbili au tatu za hayo kwa pamoja: mguu umekwisha kulala chini, jambia linaingia, na nyuma ya majabali mazimwi wengine wanachungulia. Bila beti huwezi kusema mchoraji amesimama kwenye hatua ipi.

Rasimu ilianza kwa makaa mepesi, au kwa nakala ya kutoboa: ngozi nyembamba ya paa iliyowekwa juu ya mchoro wa zamani, mistari ikatobolewa kwa sindano, kisha kifuko cha vumbi la makaa kikapigwapigwa juu yake. Ukiigeuza ngozi, unapata mchoro uleule umeelekea upande wa pili. Karakana zilifanya hivyo mara kwa mara, kwa hiyo Rustam yuleyule na pango lilelile vinaweza kutokea kwenye hati mbili, kimoja kimeelekea kulia na kingine kushoto. Ndiyo sababu mtu hawezi kutaja hati kwa kuangalia mkao wa wapiganaji tu. Na ndiyo sababu pia fundi wenu wa kurasa hapaswi kuigeuza picha ili ikae vizuri na tangazo la jirani: maandishi yakiwepo, geuzo linaonekana mara moja, yakikatwa, hakuna atakayejua.

Baada ya rasimu, mistari ilikazwa kwa brashi na wino mwepesi. Mwandishi wenu alirudia ile habari kwamba wachoraji hawa walitumia brashi ya unywele mmoja. Unywele mmoja haubebi rangi. Ungekauka kabla ya kufika kwenye karatasi. Brashi ilikuwa kishungi cha manyoya ya kindi au ya paka, yaliyochaguliwa kwa urefu, yakafungwa na kuvutwa ndani ya bomba la unyoya wa ndege. Tumbo la kishungi hubeba rangi, ncha yake tu ndiyo huishia kwenye unywele mmoja au miwili.

Dhahabu ilisagwa kutoka kwenye majani membamba, kwa ncha ya kidole, ndani ya bakuli lenye gundi au asali, ikaoshwa kwa maji na kuachwa itue, maji yakamwagwa, ikarudiwa. Ikipakwa ilisuguliwa kwa akiki ili ing'ae, na kwa kuwa msuguo huo unaweza kuharibu rangi za jirani, mbingu na ardhi za dhahabu zilikamilishwa mapema. Bluu nzuri ilitoka kwenye jiwe la lajuwardi la Badakhshan, Afghanistan ya leo. Ukilisaga tu unapata vumbi la kijivu, kwa sababu ndani ya jiwe kuna chokaa nyeupe na chembe za madini mengine. Lilisagwa, likachanganywa na nta na utomvu mpaka likawa kama donge la unga, kisha likakandwa ndani ya maji ya majivu: bluu hudondoka chini, uchafu hubaki kwenye donge. Mkamuo wa kwanza ndio mzito na wa thamani. Wa mwisho ni wa kijivujivu na hufaa majabali ya mbali. Nyekundu ilikuwa zingifuri ya zebaki na salfa, siyo zile mbegu za mzingifuri wanazopakwa watalii midomoni huko mashamba ya viungo Unguja. Manjano ilikuwa ya aseniki, sumu, na ikigusana na nyeupe ya risasi au kijani cha shaba huzichafua. Fundi mzuri hakuzipandanisha. Gundi ikipungua, rangi hugeuka vumbi na kuchafua ukurasa wa pili. Ikizidi, hupasuka na kujikunja.

Nyuso, ndevu na mistari ya mwisho ilikuwa kazi ya mwisho, na katika karakana kubwa mara nyingi ilirudi kwa mkono wa bwana mwenyewe.

Kijani kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndicho kinachokata ukurasa hata pasipo mkasi. Kilikuwa ukoga wa shaba uliopatikana kwa siki. Shaba hiyo huichoma karatasi polepole: kwanza upande wa nyuma unapata kivuli cha kahawia, kisha karatasi inakuwa kavu na kuvunjika, mwishowe kijani kinadondoka pamoja na karatasi yake. Mafundi wa Iran walijua, na walitia zafarani kwenye rangi hiyo, jambo ambalo uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba hupunguza kweli ulaji wa karatasi. Pale ambapo zafarani ilikosekana, majani ya mti wa Awlad yanaweza kuwa matundu. Kibaya zaidi ni mistari ya mzingo. Kila ukurasa wa kifahari ulizungushiwa mistari ya dhahabu, bluu, nyekundu na kijani kati ya maandishi na pambizo. Kijani kikila pande zote nne, picha inatoka nzima kwenye pambizo lake. Anayeshika hati kama hiyo asiifunue zaidi ya nusu, aiegemeze pande zote mbili, na asijaribu kubandika kwa gundi yenye maji mengi, kwa sababu maji huibeba shaba na kuieneza kwenye karatasi iliyokuwa salama. Kuhusu risasi iliyogeuka nyeusi, wahifadhi wanaweza kuirudisha kuwa nyeupe kwa peroksidi ya hidrojeni, lakini kinachopatikana ni salfeti, siyo rangi ya awali, na matone yasiyodhibitiwa huacha pete za unyevu. Wengi wanaona heri kuiacha.

Mkasi wa binadamu ulifanya makubwa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara Georges Demotte wa Paris aliivunja Shahnameh kubwa ya enzi ya Wamongoli, iliyotengenezwa Iran katika miaka ya 1330. Karatasi zenye picha pande zote mbili alizipasua unene wake ili auze pande mbili, na baadhi ya picha zikabandikwa kwenye maandishi ya mahali pengine. Leo mtafiti anaweza kusoma beti juu ya picha na zisihusiane nayo hata kidogo. Kisha ikaja zamu ya Shahnameh ya Shah Tahmasp, iliyoanzwa Tabriz katika miaka ya 1520, yenye karatasi 759 na picha 258. Mwaka 1568 ilipelekwa zawadi kwa Sultani Selim wa Pili wa Uthmaniya, na ikabaki nzima karibu miaka 400. Arthur Houghton wa Marekani aliinunua mwaka 1959, akaifumua. Picha 78 zikaenda Makumbusho ya Metropolitan, New York, nyingine zikauzwa mojamoja. Mwaka 1994 mabaki yake, yenye picha 118, yalirudi Iran kwa kubadilishana na mchoro wa Willem de Kooning, kwenye uwanja wa ndege wa Vienna. Ukitaka kuona hati ya kifalme iliyosalimika, iko ile ya mwanamfalme Baysunghur, iliyonakiliwa Herat mwaka 1430, sasa katika maktaba ya Kasri la Golestan, Tehran. Nayo ina picha ya Rustam akimuua Zimwi Mweupe, na beti zake ziko mahali pake.

Hatulinganishi gazeti na Demotte. Tunachoomba ni kidogo. Mkichapa mchoro wa hati, chapeni ukurasa wote mpaka ukingo wa pambizo, hata kama utakuwa mdogo. Mkitaka kuonyesha zimwi kwa karibu, wekeni kipande kando yake. Kwenye maelezo tajeni hati, mji na mwaka, nani anaimiliki leo, namba ya karatasi na upande wake, na vipimo kwa sentimita. Ukurasa wa Shah Tahmasp una urefu wa takriban sentimita 47, na msomaji anayeiona picha kwenye simu anadhani ni ya ukubwa wa kadi. Dhahabu na fedha haziwezi kutoka kwa wino wa gazeti. Neno moja kwamba mbingu ni dhahabu na kijito kilikuwa fedha litamsaidia msomaji kuliko kuongeza ukali wa rangi kwenye kompyuta, jambo ambalo kwenye picha yenu limefanya pango na nywele za zimwi vishikane.

Gharama isiwe kisingizio. Tangu mwaka 2017 Makumbusho ya Metropolitan yameruhusu picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumike bure, gazetini pia, na karatasi nyingi za Shahnameh zimo, zimepigwa ukurasa mzima. Pakueni faili kubwa, si ile ndogo ya kwanza kuonekana. Na picha ile ya juzi, kama bado mnayo ilivyokuwa kabla ya kukatwa, ichapeni tena ili wasomaji wakitazame kilemba cha Awlad.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa kuhifadhi hati na karatasi za kale,
Unguja